Cheo cha Lord Erroll kilikwenda kwa nani, na je, mtoto wa nje ya ndoa anaweza kurithi ulodi?

"Shikamoo Mwalimu. Nimezaliwa na kukulia Naivasha. Nyumbani tunabishana juu ya Lord Erroll, yule aliyeuawa Karen mwaka 1941. Mjomba anashikilia kwamba cheo chake kilichukuliwa na binti yake. Mimi nimesoma kwamba ndugu yake ndiye aliyekuwa Lord baada yake. Binti huyo aliitwa Diana, mwanamke wa ile kesi naye Diana, kisha nasikia Diana akawa Lady Delamere. Nani ni nani? Na mbona watu wa ukoo mmoja wana majina mengi: Hay, Erroll, Kilmarnock, Boyd? Nina sababu ya kuuliza. Bibi yetu kabla ya kufariki alituambia kwamba marehemu babu alizaliwa na mzungu mwenye cheo, si huyo Erroll, ni mwingine wa upande huu wa Bonde la Ufa. Sasa wengine nyumbani wanasema tuna haki ya cheo na ardhi, na kuna mtu mtandaoni anayesema atatufuatilia tukimlipa ada. Je, kuna ukweli?"

Marahaba. Umeuliza mambo mawili, na naona la pili ndilo lililo moyoni mwako. Nitalifikia, wala sitalipita juu juu. Ila jibu lake limo ndani ya lile la kwanza, kwa hiyo nivumilie tuanze na ubishi wako na mjomba.

Nyote wawili mnasema kweli. Josslyn Hay, ndiye huyo Lord Erroll, alikutwa amekufa kwa risasi ndani ya gari lake alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, karibu na njia panda ya barabara za Karen na Ngong. Siku hiyo hakuwa na cheo kimoja tu. Alikuwa Earl wa 22 wa Erroll, na papo hapo alikuwa Baron wa tano wa Kilmarnock. Cha kwanza kilikwenda kwa mtoto wake wa pekee, Diana Hay, msichana wa miaka 15. Cha pili kilimruka msichana huyo kikaenda kwa baba yake mdogo, Gilbert. Mjomba wako amesoma habari za cheo kimoja, wewe umesoma habari za kingine.

Wengi hudhani ulodi ni mali ya ukoo, kwamba mzee akifa jamaa wanakaa na kumteua anayefaa, au kwamba mwenye cheo anaweza kumwandikia amtakaye katika wasia. Sivyo kabisa. Kila cheo kinasimama peke yake, na kila kimoja kinafuata masharti yaliyowekwa siku kilipoundwa. Kama umewahi kusikia kesi ya wakfu huko Mombasa au Lamu, utaelewa upesi: aliyeweka wakfu amekwisha kusema nani anufaike, kizazi baada ya kizazi, na waliozaliwa baadaye hawawezi kuuza wala kubadili sharti lake hata wakikubaliana wote. Cheo cha kurithi cha Uingereza kinakwenda hivyo hivyo. Mfalme alipokitoa alitia muhuri hati, na hati ile ikataja nani atarithi. Mtu mmoja akiwa na hati mbili zenye masharti tofauti, siku ya kifo chake kila hati inashika njia yake.

Tuzifungue basi hizo hati mbili.

Cheo cha Earl wa Erroll ni cha Uskoti, cha mwaka 1452, wakati Uskoti ilikuwa na mfalme wake na bunge lake. Vyeo vingi vya zamani vya Uskoti havikumfungia mlango mwanamke: mwenye cheo akikosa mtoto wa kiume, binti anaweza kurithi, na si kwa kumshikia mtu mwingine bali kwa haki yake mwenyewe. Katika ukoo wa Hay jambo hilo lilikwisha kutokea kabla ya Diana. Mwaka 1717 Earl wa 13 alifariki bila mtoto, dada yake Mary akashika cheo akiwa Countess (yaani Earl wa kike) wa 14, akakaa nacho hadi alipofariki mwaka 1758. Naye hakuacha mtoto. Kikamfikia mjukuu wa dada yake, kijana aliyeitwa James Boyd, ambaye alipokuwa Earl wa 15 alichukua jina la Hay.

Hapo ndipo jina la Boyd linapoingia, na linaingia kwa damu. Baba yake James alikuwa William Boyd, Earl wa nne wa Kilmarnock. Alijiunga na uasi wa mwaka 1745 wa kutaka kuwarudisha wafalme wa ukoo wa Stuart, akakamatwa baada ya vita vya Culloden, na mwezi Agosti 1746 akakatwa kichwa kwa shoka pale Tower Hill, London. Mhaini hakupoteza maisha peke yake. Sheria ya wakati ule ilikifuta na cheo chake, kwa hiyo James hakurithi chochote cha Kilmarnock kwa baba. Alichopata alikipata upande wa mama, kwa kupitia wanawake watatu: mama yake, mama wa mama yake, na yule Countess Mary. Kila nikisoma habari za ukoo huu nasimama hapo. Tunaambiwa daima kwamba mambo ya malodi ni ya baba na mwana, kumbe ukoo huu usingefika Kenya ukiwa na cheo hicho kama si wanawake hao.

Sasa hati ya pili. Baada ya Uingereza na Uskoti kuungana mwaka 1707, malodi wa Uskoti hawakupewa wote viti katika Bunge la Malodi kule London. Walichagua wenzao 16 tu wawawakilishe. Kwa hiyo mtu aliweza kuwa Earl wa ukoo mkongwe na bado akakosa kiti. Earl wa 18, William Hay, alikuwa na bahati ya pekee: mke wake, Elizabeth FitzClarence, alikuwa binti wa Mfalme William wa Nne. Mwaka 1831 mfalme akampa mkwewe cheo kipya, Baron wa Kilmarnock, kikiwa cha Ufalme wa Muungano na si cha Uskoti, ili awe na kiti bungeni bila kupigiwa kura. Jina lililofutwa kwa shoka mwaka 1746 likarudi. Ila hati hiyo mpya iliandikwa kama zilivyoandikwa nyingi za wakati huo: warithi ni wanaume tu, wa uzao wa kiume.

Kwa miaka 110 hakuna aliyeona tofauti, maana kila Earl aliacha mtoto wa kiume na vyeo viwili vikatembea pamoja. Josslyn alikuwa wa kwanza kuacha binti tu. Ndipo vikaachana. Diana akawa Countess wa 23 wa Erroll, na pamoja na hicho akarithi wadhifa wa Konstebo Mkuu wa Uskoti, ambao Mfalme Robert the Bruce aliupa ukoo wa Hay mwaka 1314. Gilbert akawa Baron wa sita wa Kilmarnock, na mwaka huo huo wa 1941 akaacha jina la Hay akajiita Boyd, akirudi kwenye jina la yule babu aliyekatwa kichwa. Ndiyo maana ukikuta Boyd na Hay katika ukoo mmoja, usidhani mmoja ni mtoto wa kambo.

Erroll, kwa upande mwingine, si jina la ukoo. Jina la ukoo ni Hay. Erroll ni jina la cheo, na mwenye cheo huitwa kwalo na kutia sahihi kwalo. Delamere ni hivyo hivyo: jina la ukoo wao ni Cholmondeley, ambalo hutamkwa "Chamli". Tena neno Lord mbele ya majina hayo halikuambii ngazi. Ngazi za malodi ni tano, kuanzia juu: Duke, Marquess, Earl, Viscount, Baron. Duke ana namna yake ya kuitwa, lakini hao wanne wengine wote katika mazungumzo ni Lord. Lord Erroll alikuwa Earl. Lord Delamere ni Baron, cheo cha mwaka 1821, ngazi mbili chini yake. Hapa Kenya watu walimwona Delamere ndiye mkubwa kwa sababu ya mashamba na siasa, si kwa sababu ya ngazi.

Jambo jingine linalowatatiza wasomaji ni kwamba mtu yule yule hubadilika jina akiwa hai. Josslyn alipomwoa Idina Sackville mwaka 1923, babu yake ndiye aliyekuwa Earl na baba yake akiitwa Lord Kilmarnock. Yeye alikuwa Mheshimiwa Josslyn Hay tu. Julai 1927 babu akafariki, baba akawa Earl, na Josslyn akaanza kuitwa Lord Kilmarnock kwa heshima ya kuwa mrithi. Februari 1928 baba naye akafariki, Josslyn akawa Lord Erroll. Majina matatu katika muda usiofika mwaka mmoja. Ukisoma barua au gazeti la enzi hiyo, angalia kwanza tarehe, kisha ndipo useme Lord Kilmarnock anayetajwa ni nani.

Tuje kwa akina Diana. Ni wawili, na hawana udugu.

Wa kwanza ni Diana Hay, binti wa Josslyn na Lady Idina, aliyezaliwa Januari 1926. Wazazi walitalikiana mwaka 1930, naye alilelewa Uingereza na dada wa mama yake. Huyo ndiye Countess. Mwaka 1946 aliolewa na Sir Iain Moncreiffe, bingwa wa nasaba za Uskoti.

Wa pili ni Diana Caldwell, mke wa Sir Jock Delves Broughton, ambaye ndiye aliyekuwa na uhusiano na Erroll wakati wa mauaji. Broughton alishtakiwa Nairobi na kuachiliwa Julai 1941, akafa Uingereza mwaka uliofuata. Hakuna aliyepatikana na hatia hadi leo. Diana huyu akaolewa na mfugaji Gilbert Colvile mwaka 1943, na mwaka 1955 akaolewa na Baron wa nne wa Delamere. Basi yeye ndiye Lady Delamere uliyemsikia. Vyeo vyake vyote vilitoka kwa waume. Diana Hay cheo chake kilikuwa chake mwenyewe, na hakuna talaka ambayo ingemwondolea.

Kuna alama ndogo ya kukusaidia. Lady akifuatwa na jina la kwanza, kama Lady Idina, ni binti wa Earl au wa ngazi iliyo juu zaidi. Baba yake Idina alikuwa Earl De La Warr, kwa hiyo aliolewa mara tano na akabaki Lady Idina mwanzo hadi mwisho. Lady akifuatwa na jina la cheo, kama Lady Delamere, mara nyingi ni mke.

Na baada ya Diana Hay? Alifariki mwaka 1978, cheo kikaenda kwa mwanawe mkubwa, Merlin Hay, Earl wa 24. Mwaka 1985 baba yake Merlin akafariki pia, akamwachia cheo cha baroneti, ambacho kiko chini ya malodi wote na hakimpi mtu kiti bungeni. Kwa hiyo Merlin anashika cheo kimoja kutoka kwa mama na kingine kutoka kwa baba, yeye ni Hay, na mdogo wake ni Moncreiffe. Mwaka 1999 malodi wengi wa kurithi walipoondolewa bungeni, alikuwa miongoni mwa 92 waliobakishwa. Na Mfalme Charles wa Tatu alipotawazwa mwaka 2023, Konstebo Mkuu wa Uskoti alikuwepo na fimbo yake ya fedha, kwa haki ile ile ya mwaka 1314.

Sasa nyumbani kwenu.

Kwanza nikuondolee dhana kwamba cheo hutembea na ardhi. Hicho cha Erroll ni ushahidi tosha. Ngome ya ukoo, Slains, iliyokuwa juu ya mwamba wa bahari kule Aberdeenshire, iliuzwa mwaka 1916, Josslyn akiwa bado kijana. Alipofika Kenya mwaka 1924 alilipa shamba lake la Bonde la Wanjohi jina la Slains, lakini ngome yenyewe ilikuwa ya wengine. Nyumba ya Oserian, ambayo wewe wa Naivasha unaijua kwa macho, ilijengwa na mume wa zamani wa mke wake wa pili. Msichana wa miaka 15 alirithi cheo cha karne tano bila ngome na bila shamba la Naivasha. Ardhi hufuata wasia, hatimiliki na sheria ya nchi iliko. Hata mkithibitisha leo kwamba babu alikuwa mtoto wa lodi, hilo peke yake halihamishi hata robo eka ya Bonde la Ufa.

Pili, cheo chenyewe. Hili nalisema wazi kwa sababu naona fedha zinakaribia kutoka mifukoni. Kurithi ulodi kunahitaji mtoto wa ndoa halali. Uingereza ilibadili sheria zake mwaka 1987 ili mtoto wa nje ya ndoa asibaguliwe katika mali, lakini sheria hiyo hiyo iliweka vyeo kando kwa makusudi: huko kanuni ya zamani ilibaki. Mtoto wa kuasiliwa naye harithi cheo. Kwa vyeo vya Uskoti kuna nafuu moja, wazazi wakioana baadaye mtoto anaweza kuhesabiwa wa ndoa. Kwa hiyo swali lenu halisi si kama yule mzungu alimzaa babu. Ni kama alimwoa mama yake babu, lini, na kwa ndoa ambayo sheria ya Uingereza ingeitambua. Jibu likiwa hapana, hakuna wakili wala ada itakayofungua mlango huo. Naona ni dhuluma kwamba mtoto anaadhibiwa kwa jambo ambalo hakulitenda, na wako wengi Uingereza wanaoona hivyo. Lakini ndiyo sheria iliyopo, na nisingekuwa nakutendea haki kukuficha.

Vipimo vya vinasaba vinaweza kuwaambia kama mna damu ya Uingereza au Uskoti, na wakati mwingine vikawaonyesha binamu wa mbali wenye majina mnayoyafahamu. Hilo lina thamani kubwa kwa familia inayotaka kujua ilikotoka. Kama mnataka kuvifanya kwa sababu hiyo, nawaunga mkono. Ila zungumzeni kwanza nyumbani, maana vipimo hivyo huwa havijibu swali lililoulizwa tu. Hufichua na mengine, na shangazi aliye hai anaweza kuumia kwa jambo ambalo ninyi vijana mmelichukulia kama utafiti.

Tatu, huyo bwana wa mtandaoni. Msimlipe. Cheo cha lodi hakinunuliwi wala hakifuatiliwi na dalali. Kuuza heshima za kifalme ni kosa la jinai Uingereza tangu mwaka 1925. Anayedai cheo hupeleka vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo, kizazi kwa kizazi, kwa maofisa wa serikali, na akikubaliwa huandikwa katika daftari rasmi la malodi lililoanzishwa mwaka 2004. Wapo wanaouza kipande kidogo cha ardhi ya Uskoti na cheti kizuri cha kumwita mnunuzi Lord au Laird. Cheti hicho hakimfanyi mtu kuwa lodi popote. Na akiwaomba nakala za vitambulisho au hatimiliki za shamba lenu ili "afungue faili", mkatalieni kabisa.

Upande wa mali kuna jambo moja la kuliuliza ana kwa ana. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika Julai 1981, inamtambua mtoto wa nje ya ndoa kama baba alimkiri au alimtunza kama wake. Kama yule mzee alifariki kabla ya tarehe hiyo, ni sheria za awali zinazohusika, na kama alifariki zamani sana huenda mirathi imefungwa kitambo. Mimi ni mtu wa nasaba, si wakili. Nendeni kwa wakili wa mirathi mara moja, mkiwa na majina na tarehe, mpate jibu la kitaalamu kabla ya mtu yeyote nyumbani kuanza kugawa mashamba ambayo hamjayapata.

Kwa upande wa nasaba, fanyeni hivi. Mrekodini mzee yeyote aliyebaki ambaye alimjua babu au mama yake, mwezi huu, kwa lugha anayoiweza vizuri, na msimkatize akitaja jina la shamba au la nyapara hata kama halina maana kwenu sasa. Tafuteni cheti cha ubatizo cha babu katika kanisa alikobatizwa, kwa sababu vitabu vya misheni mara nyingi vina maelezo ambayo hayakuandikwa serikalini. Nyaraka nyingi za wilaya za wakati wa ukoloni ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, na mwananchi anaruhusiwa kuzisoma. Mkipata jina kamili la yule mzungu na tarehe ya kifo chake, niandikieni tena. Kama cheo ni cha Uskoti nitawaelekeza kwa ofisi ya nembo na nasaba ya Lord Lyon, Edinburgh, na kama ni cha Uingereza, kwa ofisi ya namna hiyo, College of Arms, London.